Sikio lilizimika usiku mmoja nikadhani ni nta: kisa cha siku kumi zilizopotea

Alamu ililia mpaka mke wangu ndo akanitikisa. "We baba, husikii hiyo simu?" Nikainua kichwa kwenye mto, hapo ndo nikaisikia, tena ilikuwa karibu kabisa, kama mkono mmoja toka nilipolala. Nikaizima nikaamka nikaenda kunawa, sikuwaza chochote, nikajua nimelala fofofo basi. Kumbe nilikuwa nimelalia sikio la kushoto, na la kulia lilikuwa limeshakufa usiku huohuo bila hata kuniaga.

Naandika kisa hiki kwa urefu manake watu wengi nikiwasimulia wananijibu vilevile, "na mimi sikio langu limeziba wiki ya pili sasa, nadhani ni uchafu". Inaweza kuwa uchafu kweli. Ila kuna namna ya kujua, inachukua sekunde tano na haihitaji chombo chochote. Mimi niliijua siku ya tisa.

Nianze na siku ya kwanza. Nilivyofika kazini nikapigiwa simu, nikaiweka sikio la kulia kama kawaida yangu, kimya. Nikasema haloo haloo, nikakata nikijua mtandao. Ikapigwa tena, nikahamishia kushoto kwa bahati tu, mtu anaongea vizuri kabisa na ananishangaa kwa nini namkatia. Nikajaribu tena kulia: unaisikia sauti mbali sana, nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya kopo. Na ndani ya sikio kuna ile hali ya kujaa, kama maji yameingia wakati wa kuoga. Haliumi wala halitoi usaha, homa hamna, mafua hamna. Kuna mlio tu kwa mbali, kama friji ya chumba cha pili.

Sasa hapo kila kitu kinakwambia sikio limeziba si ndiyo? Limejaa, halisikii, haliumi. Nikafanya wanachofanya wote, stiki ya pamba. Ikatoka na uchafu kidogo, na hicho kidogo ndo kilinimaliza, kwa sababu ukishaona uchafu umeshapata wa kumlaumu.

Jioni nikapita kwa mfamasia, nikamwambia sikio limeziba. Naomba hili mlitazame vizuri: nilimwambia limeziba, sikumwambia halisikii. Nilishampa jibu kabla hajauliza swali. Akanipa matone ya kulainisha nta, asubuhi na jioni siku tano. Yale matone ukitia yanachemka, watu wote wanaoyajua watakwambia unasikia chwaaa kama soda imefunguliwa. Mimi nilihisi kule kuchemka, nilihisi kabisa kitu kinatekenya mle ndani, ila sauti hamna. Nikakaa kitandani nimeinamisha kichwa nikasema huu uchafu umeganda sana huu. Hapo nilikuwa nimeshika jibu mkononi: nta inazuia sauti inayotoka nje isiingie, sasa povu linalochemka humohumo ndani ya tundu la sikio ningekosaje kulisikia?

Siku ya tano hamna mabadiliko. Nikaenda kituo kimoja cha afya, foleni ndefu, aliyenipokea alinisikiliza kama dakika mbili akasema mafua yamepanda yakaziba ule mrija unaounganisha sikio na koo. Nikasema sina mafua. Akasema yanaweza kuwa ya ndani kwa ndani. Hakutazama sikio kwa tochi, akaandika antibiotiki na dawa ya aleji. Simlaumu sana, nitaeleza mbele kwa nini, ila zile siku nne za vidonge zilikuwa siku nne nyingine za kungoja.

Siku ya tisa akaja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni nesi. Tumekaa tunaongea akaona kila akisema kitu nageuza kichwa kama kuku anayetazama angani. "Shem, una nini na hilo sikio?" Nikamweleza hadithi yote, nta, matone, mafua ya ndani kwa ndani. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema funga mdomo, ufumbe kabisa, halafu vuma. Nikamwambia nivume nini. "Vuma tu shem, mmmmm, kwa sauti ya chini. Niambie unaisikia upande gani."

Nikavuma. Ikasikika kushoto. Yote kushoto, kama kulia hamna kichwa.

Akanyamaza kidogo. "Rudia." Nikarudia, kushoto. Akasema kesho asubuhi usiende kazini, nenda kwa daktari wa masikio, na kama watakwambia uje wiki ijayo waambie sikio limezimika ghafla tangu siku tisa, tumia maneno hayohayo, limezimika ghafla.

Sasa hiyo mmmm ina maana gani. Jaribu mwenyewe hapo ulipo, masikio yako yakiwa mazima. Ziba sikio moja kwa kidole halafu vuma. Unaona? Sauti imekimbilia upande uliozibwa. Inashangaza mara ya kwanza, unategemea kinyume, lakini ndo ilivyo: sauti ya kuvuma haipiti hewani, inapita kwenye mifupa ya fuvu moja kwa moja mpaka kwenye koklea, ile konokono ya sikio la ndani. Upande uliozibwa hauna kelele za nje za kushindana nayo na sauti yenyewe haina pa kutokea, kwahiyo inasikika kubwa zaidi. Kwahiyo kama sikio limezibwa na nta, au kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio, ukivuma sauti inakwenda upande mbovu. Lakini kama koklea yenyewe au neva inayopeleka sauti kwenye ubongo ndo imepata hitilafu, upande mbovu hauna uwezo wa kupokea, sauti inakwenda upande mzima. Mle ndani kuna vinyweleo, seli kama elfu 15 kila sikio, ndo zinageuza mtikisiko kuwa ishara ya umeme ya kwenda kwenye ubongo, na kwa binadamu zikifa hazioti upya kama ngozi wala haziwi nyingine, zimekwenda.

Madaktari wanafanya jambo hilohilo kwa chuma chenye umbo la uma, meno mawili, wanakigonga halafu wanaweka mpini katikati ya paji la uso. Kinaitwa kipimo cha Weber, kwa jina la Mjerumani aliyekieleza mwaka 1834. Yaani ni kitu cha karibu miaka 200, chombo chenyewe hakina betri, hakina mtandao, hakina cha kuharibika. Kinachoniuma mpaka leo ni hicho tu, siyo kwamba kipimo kilikuwa ghali au cha mbali.

(Angalizo: kuvuma siyo daktari. Kama sauti inasikika katikati, au huelewi inaenda wapi, na sikio bado halisikii, nenda ukapimwe vilevile. Na kama kusikia kumepotea pamoja na kizunguzungu kikali, uso kulegea upande mmoja, maneno kugoma kutoka au mkono kukosa nguvu, hapo usivume wala usigugo, ni hospitali saa hiyohiyo kwa sababu inaweza kuwa kiharusi.)

Siku ya kumi. Daktari wa masikio, mama mmoja mpole, akatazama kwa tochi. Tundu safi, ngoma inang'aa. "Kaka, hapa hamna uchafu wowote." Uma ukawekwa kwenye paji, ukalia kushoto. Kisha nikaingizwa kwenye kile chumba kidogo cha kimya, hedifoni, kitufe mkononi, ubonyeze kila ukisikia mlio hata kama ni mdogo vipi. Wakati wa kupima la kulia walinitilia kelele kwenye sikio la kushoto, chhhhh kama redio iliyopoteza stesheni. Nikauliza ya nini, akaniambia sikio zima lina tabia ya kumsaidia mwenzake, ukiliacha huru litasikia kwa niaba yake kupitia mifupa na karatasi itadanganya. Hiyo kauli niliibeba, nitairudia.

Karatasi inaitwa odiogramu. Viduara vyekundu ni sikio la kulia, alama za X za bluu ni la kushoto, juu ni kusikia vizuri na kadiri alama inavyoshuka ndo hali mbaya. X zangu zilikuwa zimepanga mstari juu kabisa, kwenye desibeli 10 na 15, yaani hata sauti ndogo sana linaisikia (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Viduara vilianzia 55 kwenye hezi 500 (hezi zikiwa chache sauti ni nene, zikiwa nyingi ni nyembamba), vikashuka 60, 65, mpaka 75 kwenye hezi 4000. Wastani kama 64. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani, 65 tu hapo linaanza daraja la upotevu mkali.

Jina la ugonjwa wenyewe kwa kifupi ni upotevu wa ghafla wa kusikia unaotokana na sikio la ndani. Kigezo chao ni kushuka kwa desibeli 30 au zaidi, kwenye masafa matatu yanayofuatana (yaani vile viwango vya hezi), ndani ya saa 72. Na wagonjwa karibu tisa kati ya kumi chanzo hakipatikani, kuna nadharia za virusi, za damu kushindwa kupita kwenye vishipa vidogo, za kinga ya mwili kujishambulia, lakini ukitaka jina la mkosaji hupewi. Hili lilinisumbua kuliko dawa. Mtu unataka kuambiwa ulikosea wapi, umelala na feni, umesikiliza muziki mkubwa, kitu.

Dawa ni steroidi, zile za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili. Prednisoloni miligramu 60 kila asubuhi kama wiki mbili halafu unashusha taratibu. Kabla ya kupewa walipima sukari na presha, wakauliza vidonda vya tumbo, kwa sababu hiyo dawa inapandisha sukari, inakunyima usingizi na kwa mwingine inavuruga hata akili, kwahiyo asije mtu akasoma hapa akaenda kujinunulia. Mimi nilikuwa naamka saa nane usiku nimekodoa macho kama bundi. Zilipokwisha bila nafuu ya kueleweka nikaingia awamu ya pili, sindano ya steroidi kupitia ngoma ya sikio. Usiogope, wanatia ganzi kwanza. Unahisi baridi, dunia inazunguka kidogo, halafu unalala sikio likiwa juu nusu saa bila kuongea na unajitahidi usimeze mate, na jaribu kutomeza mate nusu saa uone yanavyojaa. Nilichomwa sindano tatu, wiki moja moja.

Na MRI pia, ile picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, kuangalia kama kuna uvimbe kwenye neva ya kusikia. Ni nadra, na siyo saratani, ila uvimbe huo unaweza kujitambulisha hivihivi kwa sikio moja kuzimika, ndo maana wanaangalia. Mimi ilikuwa safi.

Matokeo ya mwisho: hezi 500 ilirudi 25, hezi 1000 ikarudi 30, hezi 2000 ikaishia 45, hezi 4000 ikabaki 65. Wastani 41. Yaani besi zimerudi, sauti nyembamba zimegoma. Ukitaka kujua hiyo maana yake nini kwenye maisha, chukua sita na tisa. Herufi zilezile, irabu zilezile, tofauti ni s na t zimebadilishana nafasi tu, na s na t ndo zinaishi kule juu ambako viduara vyangu vimelala. Kwa sikio la kulia peke yake sita na tisa ni neno moja. Mtu akiniambia tukutane saa tisa namwomba atume meseji.

Haya, uchambuzi wenyewe sasa. Zile siku kumi zilikwenda wapi.

Ya kwanza niliipoteza mimi, kwa lile neno limeziba. Hisia ya kujaa siyo ushahidi wa kuziba. Sikio la ndani likizimika ghafla watu wengi sana wanahisi kujaa, inadhaniwa ubongo umekosa taarifa za upande ule na unaitafsiri hivyo. Kwahiyo matatizo mawili tofauti kabisa yana hisia moja. Ukienda kwa mtaalamu, eleza kinachotokea siyo unachodhani: "jana jioni nilisikia, leo asubuhi sisikii, sikio moja". Sentensi hiyo ingemfanya hata yule mfamasia akunje uso.

Ya pili ni sikio zima. Kumbukeni yale maneno ya daktari, lina tabia ya kusikia kwa niaba ya mwenzake. Siku zote kumi nilienda kazini, nikaongea na watu, nikacheka, na kadiri nilivyoweza kuendelea ndivyo tatizo lilivyoonekana dogo. Ingekuwa jicho limezimika usiku mmoja ningefika hospitali na pajama. Na haliumi, hilo nalo, jino likiuma usiku unatafuta daktari kabla ya jua kuchomoza, sikio linakufa kimyakimya unalitilia matone.

Tena hata takwimu zenyewe zinatusahau sisi wa sikio moja. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 430 wana upotevu wa kusikia unaohitaji msaada, hiyo ni ripoti ya 2021. Ila hesabu hiyo inapigwa kwa sikio lenye nafuu, lazima hilo liwe limepita desibeli 35. Mimi lenye nafuu lina 15. Simo.

Ya tatu, matone. Matone yenyewe hayakunidhuru kitu, kosa lake ni kwamba yalinipa kazi ya kufanya, asubuhi na jioni, na mtu mwenye kazi ya kufanya anahisi anatibiwa.

Sasa kuhusu yule wa kituo cha afya. Mkweli nikiwa, alicheza na namba na namba zilikuwa upande wake: masikio mengi yanayoletwa yamejaa hivi ni nta au mafua kweli, ukisema hivyo kwa kila mtu utapatia mara nyingi kuliko kukosea. Shida iko palepale, ukikisia bila kutazama, mmoja ambaye siyo nta anatoka mlangoni na karatasi ileile ya wenzake. Tochi ingemwambia tundu ni safi. Tundu safi na sikio halisikii, hapo uma unatoka kabatini.

Je, ningewahi ningepona kabisa? Nilimuuliza daktari hivyohivyo. Akasema, "Kaka, wapo wanaopona bila dawa, wapo wanaowahi siku ya pili na lisirudi, wewe mmoja siwezi kukuapia." Inatajwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili wanapata nafuu fulani wenyewe, na ushahidi wa steroidi siyo wa chuma. Ila wengi wanakubaliana dirisha la kutibu ni wiki mbili za mwanzo, baada ya hapo matumaini yanashuka, na mimi nilifika siku ya kumi. Niliingia mlango ukiwa unafungwa.

Kilichobadilika zaidi nyumbani wala siyo la kulia, ni namna ninavyolitunza la kushoto maana ndo limebaki. Stiki za pamba nimezitupa. Ngozi ya tundu la sikio inajisukuma yenyewe taratibu kutoka ndani kwenda nje na inabeba nta, stiki inairudisha ilikotoka na kuisindilia. Kelele za kazini sasa nazihesabu: desibeli 85 mwisho wa kukaa nazo ni muda wa saa nane kwa siku, kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, 88 saa nne, 91 saa mbili, ukifika 100 una robo saa. Grenda inapita hapo bila wasiwasi. Nikikaribia nayo navaa vizibo, nikiandikiwa sindano yoyote nauliza kama ni jentamaisini au ya kundi lake, maana hizo zinajulikana kuua vilevile vinyweleo vya koklea.

Kifaa cha kusikia nimepewa nikijaribu, kinasaidia kwenye s na t kiasi. Kwenye umati bado nimepotea, kujua sauti inatoka wapi kunahitaji masikio mawili yalinganishe nani amesikia kwanza, tofauti yenyewe ni chini ya elfu moja ya sekunde. Barabarani nikisikia honi nageuka pande zote mbili. Mezani nakaa mwisho, upande wa kulia, ili watu wote wawe kushoto kwangu, na watoto wameshajua hicho kiti ni cha baba.

Usiku nikitaka kulala kweli nalalia la kushoto, dunia yote inazimika, inabaki ile friji ya chumba cha pili peke yake. Simu naiweka chini ya mto itetemeke. Na mke wangu ameacha kuniita, akinihitaji ananigusa bega.